Je, Joto Liandikwe Kwenye Cheti cha Kifo?

WAKILI: Mtu aliyekuwa mzima wiki iliyopita anakufa katika msimu ambao mchana hufika nyuzi 45. Maiti haina jeraha wala sumu, na cheti kinatoka kimeandikwa kwamba moyo ulisimama na kifo ni cha asili. Mwaka 2021 Amnesty International ilipitia vyeti 18 vya wafanyakazi wahamiaji waliofia Qatar, vilivyotolewa kati ya 2017 na 2021, ikakuta 15 havielezi chochote kuhusu chanzo halisi. Vilitaja tu kwamba moyo au pumzi vilishindwa kwa sababu za asili. Ninachouliza, Daktari, ni nani aliyeithibitisha hiyo asili. Wakenya, Waganda na Watanzania nao wako Ghuba, kwenye ujenzi, ulinzi na kazi za ndani. Kifo kikishaitwa cha asili, ni vigumu mno kumdai mwajiri, fidia ya kazini haipatikani, na hakuna mkaguzi atakayekwenda kuuliza marehemu alikaa juani saa ngapi.

MWANAPATHOLOJIA: Uchungu wa wafiwa naujua, Wakili, lakini cheti cha kifo hakiandikwi ili mtu alipwe au anyimwe. Kinaandikwa kwa kilichoonekana na kupimwa. Viko vifo vya mazingira ambavyo mwili wenyewe hutoa ushahidi. Niletee aliyelala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa: nitaipima damu yake, na nikikuta kaboni monoksaidi imeshika zaidi ya nusu ya himoglobini, nitaandika bila kusita, mara nyingi hata ngozi huwa na wekundu wa waridi. Aliyekufa kwa baridi huweza kuwa na madoa meusi kwenye utando wa ndani wa tumbo, yale aliyoyaeleza Mrusi Wischnewski mwaka 1895, na wekundu kwenye magoti na viwiko. Wakati mwingine hukutwa uchi, kwa sababu baridi ikishamzidi mtu huhisi anaungua akavua nguo, na polisi hudhani amebakwa. Anayejua alama hizo huwaepusha na kumkamata asiye na hatia. Aliyepigwa na radi huenda akawa na michoro yenye matawi kwenye ngozi, inayofifia ndani ya saa chache. Joto halina alama yake. Mapafu yaliyojaa maji, vidoa vya damu juu ya moyo, viungo vilivyovilia damu, yote hayo nayaona kwa waliokufa kwa mambo mengine mengi. Juu ya hayo, maiti ya joto huoza upesi na kufuta hata hicho kidogo kilichokuwepo. Nikiandika joto kwa sababu tu nje kulikuwa na joto, nitakuwa nimeandika hali ya hewa, si chanzo cha kifo.

WAKILI: Basi tuzungumzie kuzama. Maiti imeopolewa baharini, unaipasua, unakuta povu kwenye njia ya hewa na mapafu yaliyovimba kwa maji. Povu hilohilo huonekana kwa ambaye moyo wake umeshindwa na kwa aliyezidisha heroini. Hata hivyo unaandika kwamba alikufa maji, na hakuna anayekulaumu, kwa sababu umeunganisha mapafu uliyoyaona na mahali mtu alipotolewa, ukaondoa vyanzo vingine, ukafikia uamuzi. Mazingira ya kifo umeyapokea kama ushahidi. Kwa nini uyapokee kwa maji na kuyakataa kwa jua?

MWANAPATHOLOJIA: Kwa sababu maji yalimfika yeye, na jua lilimfika kila mtu. Siku hiyohiyo maelfu walikuwa kwenye joto lilelile na kesho yake wakaamka. Tena watu hufa kila siku, kuwe na joto au kusiwe. Wagonjwa wa moyo na wa kisukari hawasubiri msimu. Halafu kuna mtego wa kipimajoto. Nikikuta maiti ina nyuzi 41, huenda marehemu alikuwa na malaria kali, homa ya uti wa mgongo au maambukizi ya damu, au alitumia kokeini. Na kama amekaa saa nyingi katika chumba cha mabati chenye nyuzi 42, mwili utakuwa na joto hilo hata kama alikufa kwa kiharusi asubuhi kulipokuwa bado na ubaridi. Mahakamani wakili wa upande wa pili ataniuliza swali moja tu: unajuaje kwamba huyu, miongoni mwa wote, aliuawa na joto? Takwimu za mji mzima hazitanisaidia kulijibu.

MTAKWIMU: Swali hilo liliulizwa Chicago mwaka 1995, na majibu yake tunayo. Tarehe 13 Julai uwanja wa ndege wa Midway ulipima karibu nyuzi 41, unyevu ukiwa mwingi na usiku haupoi. Ndani ya siku chache mochari ya kaunti ya Cook ilijaa hadi malori ya majokofu yakaegeshwa nje. Mchunguzi mkuu wa vifo, Edmund Donoghue, hakuandika joto kwa kila maiti. Aliweka masharti: joto la mwili la nyuzi 40.6 au zaidi wakati wa kufa au mara tu baada ya kufa. Au ushahidi wa joto kali mahali marehemu alipokutwa, kama madirisha yaliyofungwa na chumba kinachofukuta. Au maiti iliyokwisha kuoza, ya mtu aliyeonekana hai mara ya mwisho katika siku zile za joto, na chanzo kingine hakikupatikana. Kwa masharti hayo vifo 465 viliandikwa kuwa vya joto kati ya tarehe 11 na 27 Julai. Meya Richard M. Daley alipinga hadharani, hoja yake ikiwa hiyo yako, kwamba watu hufa kila siku na si kila aliyekufa wiki ile aliuawa na joto. Wataalamu wa CDC, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, walimuunga mkono Donoghue. Baadaye hesabu ya vifo vyote vya mji, ikilinganishwa na vya wiki kama ile katika miaka mingine, ilionyesha vifo 739 vya ziada kati ya tarehe 14 na 20. Aliyeshutumiwa kwa kutia chumvi alikuwa mwangalifu.

MWANAPATHOLOJIA: Usizitoe hesabu hizo mbili moja kwa nyingine. Ya kwanza ni ya kaunti, ya pili ni ya mji, na tarehe hazilingani. Na hiyo 739 haina majina. Inanipa idadi ya waliozidi, hainionyeshi ni maiti ipi kati ya zilizo mbele yangu. Hapo ndipo kazi yako na yangu zinapoachana.

MTAKWIMU: Hazina majina, nakubali. Lakini yako majina yaliyochunguzwa moja moja. Baada ya wimbi lile la joto watafiti wa CDC waliwalinganisha marehemu na majirani zao waliobaki hai, wa mtaa uleule na umri unaokaribiana. Waliokufa walikuwa zaidi wale wasioweza kutoka kitandani, walioishi peke yao, wasiotoka nje ya nyumba, wenye chumba ghorofa ya juu kabisa. Aliyekuwa na kiyoyozi alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kunusurika. Unasema jua lilimfika kila mtu, Daktari, na hapo ndipo hoja yako inapopwaya. Jua lilikuwa moja, joto halikuwa moja. Mzee wa ghorofa ya juu aliyefunga madirisha kwa kuogopa wezi hakuwa katika hewa moja na jirani yake wa chini aliyekaa barazani. Kiwango cha joto alichopata mtu mmoja hupimika: chumba, dirisha, paa, feni, saa za kazi, maji aliyokunywa, hata dawa alizokuwa akimeza, maana baadhi ya dawa za magonjwa ya akili hupunguza jasho. Hayo ni mambo ya mtu mmoja mwenye jina, na yanakaa mahali alipofia, si ndani ya kifua unachokipasua.

MWANAPATHOLOJIA: Tuseme nimekubali. Bado kuna jambo lisilopendwa kusemwa. Wengi wa wazee wale walikuwa na mioyo mibovu. Kama joto lilimwondoa mtu ambaye angekufa mwezi ujao, je, lililomuua ni joto au ni moyo?

MTAKWIMU: Hilo lilipimwa pia. Wakifa mapema waliokuwa karibu kufa, vifo vya wiki zinazofuata hushuka chini ya kawaida, kwa kuwa wamekwisha kutangulia. Utafiti wa baadaye kuhusu Chicago ulikadiria kwamba karibu robo ya vifo vya ziada vilikuwa vya namna hiyo. Robo si kidogo, lakini robo tatu waliobaki walikuwa na muda wa kuishi.

WAKILI: Na hata hiyo robo isiachwe. Sheria humchukua mtu jinsi alivyo. Mwenye gari akimgonga mgonjwa wa moyo, hajitetei kwa kusema mgonjwa alikuwa dhaifu. Daktari anayeandika ugonjwa wa moyo na kunyamazia chumba chenye nyuzi 45 ametenda jambo ambalo asingelitenda kwa gari: ameutumia udhaifu wa marehemu kufuta kilichomsukuma.

MWANAPATHOLOJIA: Gari huacha alama kwenye mwili. Lakini nitawafuata huko Ghuba mlikoanzia, maana huko nako hoja yenu ina pengo. Wengi wa vijana mnaowataja hawakuanguka juani. Walirudi kambini, wakala, wakalala, na asubuhi hawakuamka. Tangu zamani tunajua vifo vya ghafla usingizini miongoni mwa vijana wa kiume wa Asia. Katika miaka ya 1980 vilitokea kwa wafanyakazi wa Kithai nchini Singapore. Mwaka 1992 ndugu wawili madaktari, Pedro na Josep Brugada, walieleza hitilafu ya umeme wa moyo ambayo mtu huzaliwa nayo, na moyo wake ukipasuliwa huonekana mzima kabisa. Kijana mwenye hitilafu hiyo anaweza kufa usiku wa Januari katika chumba chenye baridi. Mkiniambia nimwandikie joto, mtakuwa mmemzika na ugonjwa ambao pengine ndugu zake wanao na hawajui.

MTAKWIMU: Hoja hiyo ni nzito, na ingefunga mjadala kama vifo hivyo vingetawanyika sawasawa mwaka mzima. Havitawanyiki hivyo. Mwaka 2019 jarida la Cardiology lilichapisha uchunguzi wa vifo vya Wanepali zaidi ya 1,300 nchini Qatar kati ya 2009 na 2017. Duniani, kati ya watu wa miaka 25 hadi 35, takriban asilimia 15 ya vifo hutokana na moyo na mishipa ya damu. Kwa Wanepali wale ilikuwa asilimia 22 katika msimu wa ubaridi na asilimia 58 katika msimu wa joto. Hitilafu ya kuzaliwa nayo haifuati kalenda. Na hata tukisema baadhi yao walikuwa na ugonjwa wa Brugada, unajua kuliko mimi kwamba mwili ukipata joto, kwa homa kwa mfano, hitilafu hiyo huamka. Waliofanya utafiti walikadiria kwamba kati ya vifo 571 vya moyo, kama 200 vingeweza kuzuiwa kwa kuwakinga wafanyakazi na joto. Hawakuweza kusema ni vipi hasa, na sababu ni rahisi: hakuna aliyepima. Mwaka 2014 kampuni ya sheria ya DLA Piper, katika ripoti iliyoombwa na serikali ya Qatar yenyewe, ilipendekeza sheria iruhusu maiti za vifo vya ghafla zipasuliwe na vifo vya moyo vya wahamiaji vifanyiwe utafiti.

WAKILI: Mei 2021 nchi hiyo ilitoa amri kwamba kazi za nje zisimame kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tangu 1 Juni hadi 15 Septemba, na kwamba kazi isimame saa yoyote kipimo kinachochanganya joto, unyevu na jua kikivuka nyuzi 32.1. Amri hiyo ni nzuri. Serikali isiyoamini kwamba joto linaua haiitoi. Basi inawezekanaje joto litambuliwe kwenye amri ya kazi na lisitambuliwe kwenye cheti?

MWANAPATHOLOJIA: Amri ya kazi hulinda watu kwa tahadhari, na tahadhari haihitaji uthibitisho wa mtu mmoja. Cheti kinauhitaji. Mnaniomba niache kutilia shaka, na mimi kazi yangu ni kutilia shaka.

WAKILI: Hapana, Daktari, tunakuomba uitilie shaka na asili. Hapo ndipo ninapoona kosa la mtindo wako wote. Unadai ushahidi kabla ya kuandika joto, na unafanya vyema. Lakini ushahidi ukikosekana huachi nafasi wazi. Unaandika kifo cha asili, kana kwamba asili haihitaji kuthibitishwa. Kuandika asili ni kudai kwamba hakuna kitu kutoka nje ya mwili kilichochangia. Dai hilo limepimwa na nani? Kwa kipimajoto kipi? Mtu asiyepasuliwa, ambaye chumba chake hakikutembelewa na ambaye mwili wake haukupimwa joto, hana ushahidi wa joto wala wa asili. Ukimwandikia asili umekwisha kuchagua upande, na mara zote ni upande uleule wa mwenye jengo.

MTAKWIMU: Niongeze jambo la kitaalamu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kujaza cheti hautaki tuandike kusimama kwa moyo kama chanzo cha kifo, kwa kuwa moyo husimama kwa kila anayekufa. Unataka mnyororo: kilichomuua, kilichosababisha hicho, na kilichoanzisha yote. Chini yake kuna sehemu ya pili, ya mambo mengine yaliyochangia. Na katika toleo la 10 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, kupatwa na joto kali la hali ya hewa kuna msimbo wake, X30. Nafasi ya kuandika ipo.

MWANAPATHOLOJIA: Sehemu hiyo ya pili naikubali, na niliitarajia. Mwaka 1997 kamati ya chama cha wachunguzi wa vifo cha Marekani, Donoghue akiwamo, ilieleza kifo cha joto kuwa ni kile ambacho joto la mazingira lilikisababisha au lilikichangia kwa kiasi kikubwa. Mwenye moyo mbovu aliyekutwa katika chumba kinachofukuta anaweza kuandikiwa moyo juu na joto chini, na kifo kikaitwa ajali badala ya asili. Huo si uongo. Ila ili niandike hata hilo moja, lazima mtu awe amekipima chumba. Na mnajua yanayotokea. Mlinzi anafungua madirisha kwa sababu ya harufu. Maiti inapelekwa kwenye jokofu. Siku ya pili naitwa mimi, na chumba sasa kina upepo, mwili una nyuzi 4. Kwa aliyefia ng'ambo ni vibaya zaidi, maana hufika uwanja wa ndege wa Nairobi au Dar es Salaam akiwa amekwisha kupigwa dawa ya kuhifadhi, na dawa hiyo huharibu vipimo vya kemia ambavyo vingenionyesha alivyokaukiwa maji. Wafiwa huniomba nipasue tena. Napasua, na sipati kitu.

MTAKWIMU: British Columbia, jimbo la Canada, walionyesha kwamba inawezekana. Wimbi la Juni 2021, lililoufikisha mji wa Lytton nyuzi 49.6, liliua watu 619 katika wiki moja kwa hesabu ya wachunguzi wa vifo wa jimbo. Waliwahesabu mmoja mmoja, kwa joto la mwili au kwa ushahidi wa mahali, na ndiyo maana waliweza kusema kwamba asilimia 98 walifia ndani ya nyumba na zaidi ya nusu waliishi peke yao. Kwa kujua hivyo, jimbo linajua mlango wa kugonga joto likirudi. Makka mwaka 2024, Msikiti Mkuu ulipofika nyuzi 51.8, Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301 vya mahujaji, wengi wao wasio na vibali, waliotembea mbali juani bila kivuli. Idadi ilitangazwa. Lakini idadi haiwaelezi wafiwa mmoja mmoja.

WAKILI: Na hapo kuna kizuizi ambacho hatuna haki ya kukipuuza. Hujaji huzikwa hukohuko, upesi, na familia nyingi za Kiislamu, za pwani yetu na za kwingineko, hazitaki maiti ipasuliwe. Je, tuwaambie kwamba bila kisu hakuna ukweli?

MWANAPATHOLOJIA: Hapana. Katika jambo hili kisu ndicho chenye faida ndogo kuliko vyote, nami nimekwisha kusema kwamba joto haliachi alama ya kupasulia. Kinachohitajika ni kipimajoto kirefu kinachoingizwa njia ya haja kubwa, saa ikiandikwa. Joto la chumba. Na sindano nyembamba ya majimaji ya ndani ya jicho, ambamo sodiamu na yurea hukaa baada ya kifo kwa uthabiti kuliko kwenye damu na huonyesha kukaukiwa maji. Mkojo ukipatikana, hudhurungi yake huweza kudokeza misuli iliyovunjika. Hayo yote hayazidi nusu saa na hayacheleweshi mazishi.

WAKILI: Basi umekubali.

MWANAPATHOLOJIA: Nimekubali sehemu, na sehemu sikubali. Sitaandika joto kwa maiti ambayo haikupimwa, hata kama ni ya kijana, hata kama ilikuwa Julai, hata wewe ukinionyesha asilimia 58 ya Mtakwimu. Asilimia hiyo ni ya wengi, na mimi natia saini kwa mmoja. Ila tangu sasa siwezi kuitetea asili kwa maiti kama hiyo. Nitaandika kwamba chanzo hakikubainika, na nitaeleza kwa nini: mwili haukupimwa joto, mahali hapakukaguliwa, maiti ilifika ikiwa imepigwa dawa.

WAKILI: Hakikubainika hakumlipi mjane, Daktari. Mahakama itamwambia alete ushahidi, na ushahidi ulifunguliwa pamoja na dirisha.

MWANAPATHOLOJIA: Hakumlipi, ni kweli. Lakini hakuifungi kesi kama asili inavyoifunga, na hakunifanyi niape kwa jambo nisilolijua. Zaidi ya hapo siwezi kwenda peke yangu, kwa kuwa mimi hufika mwisho. Anayefika kwanza ni msimamizi wa kambi, mwenye nyumba, jirani, askari wa zamu, muuguzi wa kituo cha afya. Kwa hao nasema: mkimkuta mtu amekufa siku ya joto, kabla ya kufungua dirisha pimeni chumba, pimeni mwili, andikeni saa, andikeni kama feni ilikuwa inazunguka, kama maji yalikuwepo, na marehemu alitoka kazini saa ngapi. Kisha waiteni polisi na mniite mimi.